Benki imekubali, bima imekataa: nimtumie mdogo wangu pesa ya shamba?

Wiki hii mjomba wenu ana barua tatu, zote za moto. Ya kwanza ndefu na jibu lake refu, mtanisamehe.

Kutoka Mpendae

Assalaam alaykum mjomba. Mie mama wa watoto watatu, swali langu si la hapa ni la Marekani ila mzigo wake uko hapa hapa kwangu. Mdogo wangu wa kiume yupo California mwaka wa 14 sasa, anaendesha malori, ana mke na watoto wawili na miaka yote hiyo wanapanga. Sasa kapata nyumba ya kununua sehemu inaitwa Grass Valley, milimani, misonobari mitupu, picha zake ukiziona utasema peponi, na bei iko chini ukilinganisha na mjini. Benki wamemkubalia mkopo. Lakini bima ndo mtihani, kampuni tatu zimemwambia eneo hilo hatuchukui, ya nne imempa bei anasema ni kama kulipa kodi ya nyumba nyengine. Dalali wake anamwambia asiwe na wasiwasi, kuna kitu kinaitwa FAIR Plan ni cha serikali kitamchukua tu. Mie nina fungu langu la mikarafuu Pemba, urithi wa baba, mnunuzi nshampata, nilitaka niuze nimtumie pesa ya kuanzia. Mume wangu anasema subiri. Mama anasema toa, mtoto wa kiume ndo huyo mmoja. Mie najiuliza, hivi kampuni ya bima inakataaje pesa ya mtu? Nitoe au nisubiri?

Jibu

Waalaykum salaam mwanangu. Mumeo leo kapatia, mwambie mjomba kasema hivo, ila usimzoeshe. Subiri. Na si subiri ya kununa, subiri ya kuuliza, maana mdogo wako hajaharibikiwa bado, yupo pale pale kwenye mlango wa kutokea ila hajui kama ule ni mlango.

Umeandika utasema peponi. Basi upande huo huo wa vilima vya Sierra Nevada, kaskazini ya huko Grass Valley, upo mji unaitwa Paradise, yaani Peponi khasa, nao ulikuwa na misonobari yake na bei zake nafuu na wazee wengi walihamia kwa sababu hizo hizo za mdogo wako. Tarehe 8 Novemba 2018 asubuhi ukazuka moto kwenye laini kuu ya umeme, upepo ukausukuma, jioni mji hakuna. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Kulikuwa na kampuni ndogo ya bima kule, Merced Property and Casualty, ilianza 1906, imeshavuka vita mbili za dunia, lakini baada ya moto ule haikumaliza hata mwezi ikafungwa, kwa sababu madai ya Paradise peke yake yalikuwa kama dola milioni 64 na mali yake yote ilikuwa kama milioni 23. Sasa ukiniuliza kampuni inakataaje pesa ya mtu, nakwambia inakataa kwa sababu ilihudhuria maziko ya mwenzake.

Wewe upatu unaujua. Unakwenda vizuri kwa sababu kila mtu na zamu yake. Siku wanachama wote wakaja asubuhi moja kila mtu anataka chake mama mshika pesa anahama mtaa. Bima ni hivo hivo, nyumba moja ikiungua Mpendae wengine elfu hawajaungua na pesa zao ndo zinamlipa yule mmoja, lakini moto wa msituni hauchomi nyumba moja, unachoma kata nzima siku moja.

Na juu ya hapo wana sheria yao ya 1988, Proposition 103, kampuni haipandishi bei mpaka kamishna wa bima wa jimbo akubali, na miaka mingi hesabu walitakiwa waipige kwa moto uliopita, si kwa moto unaokuja. Mie siilaumu sheria, imemlinda mnunuzi muda mrefu, ila mfanyabiashara umezuia bei na hasara inapanda, atafanya nini, anafunga duka. State Farm ndo kubwa kuliko zote kule kwa bima za nyumba, Mei 2023 wakatangaza hawachukui nyumba mpya California nzima, si milimani tu. Mwishoni mwa 2024 jimbo likalegeza, haya pigeni hesabu ya moto unaokuja, lakini na nyie mrudi kuandika bima kwenye sehemu za moto. Wino haujakauka, Januari 2025 ikaja mioto ya Palisades na Eaton pembeni ya Los Angeles, majengo zaidi ya 16,000. Kwa hiyo mdogo wako kaingia sokoni wakati kila muuzaji kashika kichwa.

Sasa hii FAIR Plan. Dalali kakosea na ni kosa la kawaida sana. Si ya serikali. Ipo kwa sheria, tangu 1968, lakini pesa si za serikali, ni kampuni zote zinazouza bima za nyumba katika jimbo zimefungwa kamba moja, yule aliyekataliwa kila pahala wanambeba pamoja. Itamchukua, hapo dalali kasema kweli. Ila hajamwambia inabeba nini. Inabeba moto, moshi, radi na mripuko wa ndani. Basi. Bomba likipasuka, mwizi akiingia, mgeni akiteleza barazani akavunjika mguu akamshtaki, FAIR Plan haimo. Ndo mana wenyeji wananunua bima ya pili ya kuziba yale matundu, kule inaitwa kwa kifupi DIC, na hizo mbili ukizijumlisha ndo unapata bei yenyewe. Watu wengi wanapewa bei ya moja wanafurahi. Na hata hiyo FAIR Plan baada ya moto wa 2025 pesa zilipungua ikabidi Februari ile kampuni wanachama zichangishwe dola bilioni 1, na sehemu ya mchango kama huo wanaruhusiwa kuwarudishia wateja kwenye bili. Kwa hiyo bei ya mwaka huu aichukulie kama bei ya mwaka huu tu.

Leo usiku kwenye saa tatu mpigie, kule ni asubuhi atakuwa macho. Swali la mwanzo: umeshatia saini? Na kama umetia, siku zako za kujitoa zimebaki ngapi? Mikataba mingi ya kule inampa mnunuzi siku 17 za kuchunguza nyumba na mambo yake, bima ikiwemo, na ndani ya siku hizo akijitoa kwa utaratibu amana yake inarudi. Akishasaini karatasi ya kuondoa masharti, yaani yale yanayomruhusu kujitoa, ile amana, mara nyingi kama asilimia 3 ya bei ya nyumba, inakuwa roho juu. Dalali atamharakisha asaini. Dalali wa Grass Valley na dalali wa Mwanakwerekwe wamezaliwa na mama mmoja, kamisheni inaingia nyumba ikiuzwa haiingii nyumba ikikataliwa. Asiondoe sharti la bima mpaka ana karatasi ya kampuni mkononi imeandikwa anwani ya nyumba ile, kiasi, na bei ya mwaka mzima. Bei ya mdomo si bima. Na ajue pia moto ukizuka karibu kabla hajakamilisha ununuzi kampuni zinasimamisha kuandika bima mpya eneo lile hapo hapo, kwa hiyo asiiache mpaka siku ya mwisho. Benki nayo bila ya bima haitoi hata senti, na akija kuiacha bima baadae benki itamkatia yenyewe, ghali, na inailinda benki si vyombo vyake.

Swali la pili amuulize muuzaji: wewe sasa hivi bima yako nani na unalipa ngapi? Watu wanaona aibu kuuliza, sijui kwa nini, aibu ya nini na unamnunulia mtu nyumba. Kampuni iliyomo ndani ya nyumba pengine ikakubali kuendelea na mwenye mpya. Na amuombe ripoti ya madai ya nyumba, inaitwa CLUE, inaonyesha mpaka miaka 7 nyuma nani alidai nini. Na tangu Julai 2021 muuzaji wa nyumba iliyomo kwenye maeneo makali ya moto anatakiwa atoe karatasi kwamba kiwanja kimesafishwa kwa mujibu wa sheria. Kama hana, hiyo nayo ni jawabu.

Swali la tatu ndo nalipenda, nyumba yenyewe imejikinga vipi na moto, maana hili mtu anaweza kulitengeneza kwa mikono yake. Watu wanafikiri nyumba inaungua kwa ukuta wa moto kuja mbio. Nyingi zinaungua kwa cheche. Cheche zinaruka maili nzima na zaidi mbele ya moto wenyewe, zinatafuta pahala pakavu. Unaijua seredani unavyoiwasha, kijikaa kimoja chekundu chini ya makumbi, unapepea mara tatu nne, kimya, halafu ghafla imeshika. Basi ndo hivo, cheche inaingia kwenye tundu la hewa la darini, au inatua kwenye mlizamu uliojaa majani makavu ya misonobari, au kwenye vibao vya mbao walivyotandaza chini ya dirisha eti bustani, upepo unapepea, na nyumba inaanzia ndani wakati nje hakuna mtu. Kwa hiyo akienda kuiona nyumba achukue tochi apande darini, aangalie matundu ya hewa yana wavu mdogo wa chuma wa tundu kama milimita 3 au yapo wazi. Aulize paa ni daraja A, yaani lile linalohimili moto zaidi, au la. Apime futi 5 kuzunguka ukuta, pale pasiwe na kitu cha kuungua, si mti, si uzio wa mbao uliogusa nyumba, si rundo la kuni. Halafu futi 100 kwenda nje, majani yamefyekwa, matawi ya chini yamekatwa.

Tangu 2022 kule kampuni zimelazimishwa zitoe punguzo kwa mtu aliyefanya mambo hayo, na ile alama ya hatari ambayo kompyuta zao zinaipa nyumba lazima wamwambie ni ngapi na ana haki ya kuipinga. Hiyo kampuni ya nne aiulize alama yake. Pengine wamepiga picha ya juu miaka miwili nyuma na ule mti wameuona bado umelalia paa na kumbe ulishakatwa.

Jengine asilisahau, bima ni ya kujenga upya, si ya bei ya kununulia. Ardhi haiungui. Lakini baada ya moto mkubwa mafundi wote wanataka bei mara mbili, kwa hiyo aulize wanalipa gharama ya kujenga upya au wanakata uchakavu, na kuna nyongeza ya asilimia ngapi juu ya kiwango. Na siku ya kuhamia achukue simu apige video chumba kwa chumba, afungue kabati zote, mpaka lile sanduku la bibi kama analo kule. Mtu akishaunguliwa hakumbuki alikuwa na sufuria ngapi, na wao wanataka orodha.

Sasa pesa yako. Mnunuzi wa shamba mwambie asubiri, wa kweli atasubiri. Mkarafuu ukishauuza huupandi leo ukachuma kesho. Mdogo wako akuletee kitu kimoja tu: ile FAIR Plan na bima ya pili, zote mbili zimeandikwa, jumla ya mwaka. Aigawe kwa 12, aiweke juu ya mkopo wake wa mwezi, halafu ajiulize kama ikipanda theluthi mwakani bado analipa. Akisema nalipa, na lori lake na watoto wake, basi toa kwa roho nyeupe. Akianza kukwambia "dada hayo mambo yatajipanga" usiuze. Akatafute nyumba chini bondeni mjini, ndogo, mbaya, bila ya misonobari. Na mama mwambie mjomba kasema mtoto wa kiume mmoja ndo sababu ya kungojea.

Kutoka Jambiani

Mjomba salamu. Mimi na kaka tuna vyumba vitano vya wageni, kuta za mawe paa makuti. Tumetaka bima, wakala akaja akaangalia juu tu akasema bei yenu si ya jirani mwenye bati, tena mnatakiwa muweke hiki na kile. Tumeona anatuonea. Kaka anasema tumwambie paa ni la vigae, nani atakuja kuangalia. Unatushauri nini?

Jibu

Kaka yako mpe chai akae chini. Ukiandika vigae na paa ni makuti, siku ya moto bima yako ni karatasi ya kufungia karanga. Hawatohitaji hata kubishana, watapiga picha ya majivu.

Na wakala hakuonei. Nyie watu wa kusini mnakwenda Makunduchi kila mwaka kwenye Mwaka Kogwa, pale kibanda cha makuti kinapotiwa moto na mtu yumo ndani anatoka mbio. Siku ile angalieni saa. Kibanda kinashika chini, moto unapanda na kiungo cha kwanza, cha pili, halafu hauhesabu tena, umefika juu, mtu hajamaliza kupiga kelele. Ndo paa lenu lile, mara kumi kwa ukubwa, na wageni wamelala. Na Januari na Februari kaskazi inavuma, makuti yamekauka kama karatasi, chumba namba moja kikishika hamna cha namba mbili wala cha tano kama vimeshikana mapaa.

Kwa hiyo yale "hiki na kile" ndo kheri yenu. Jiko litoke chini ya makuti, liende kwenye kibanda chake cha bati au zege. Mtungi wa gesi ukae nje. Waya za umeme msifunge kwenye boriti kwa kamba, mtafute fundi mwenye leseni azipitishe ndani ya mabomba, na karatasi yake muiweke. Mitungi ya kuzimia moto iwe imekaguliwa, na kijana wa zamu ya usiku awe ameshawahi kuishika, si anaiona ukutani tu kama picha ya harusi. Tangi la maji na pampu ambayo haitegemei umeme wa gridi, maana moto ukija umeme wa kwanza kuzimwa. Mabaki ya majani nyuma huko maweni msichome wakati wa kaskazi, mioto mingi inaanza na mtu anasafisha kiwanja chake. Mkimaliza hayo muiteni tena wakala, tena muiteni na wa kampuni nyengine, bei hushuka.

Halafu hili sikilizeni vizuri, limemuunguza jirani yangu mara mbili, mara ya kwanza duka na mara ya pili roho. Bidhaa zake zilikuwa za milioni 40, akakatia bima ya milioni 20 ili alipe kidogo. Zikaungua za milioni 10. Akajua atapata 10 kwa sababu 10 ni ndogo kuliko 20, si ndo hesabu? Wakampa 5. Wakamwambia wewe umebima nusu na sisi tunalipa nusu. Kagombana, kaenda kwa kila mkubwa, karatasi ndo ilivyoandikwa. Basi vyumba vyenu vitano vikadirieni kwa gharama ya kuvijenga leo, na simenti ya leo, si ya mwaka mlioanza.

Na mkishalipa muhakikishe ile bima inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, hawa ndo wasimamizi wa bima bara na visiwani. Kama haionekani mrudieni wakala siku hiyo hiyo.

Kutoka Chake Chake

Mjomba, shekhe wetu anasema bima ni kamari, na mie nimejenga na naogopa moto. Nikae hivi hivi?

Jibu

Fatwa mie sitoi. Nnachoweza kukwambia ni jinsi inavyofanya kazi. Kwenye takaful, yaani bima ya Kiislamu, wanachama wanatia mchango kwa nia ya kusaidiana, mwenye kuendesha analipwa ujira wa uwakala, pesa zinawekezwa kwenye vitu vya halali, na ikibaki ziada mfuko unakuwa wa wanachama. Huduma hiyo ipo nchini. Chukua karatasi yao ya masharti, mpelekee shekhe wako aisome yeye mwenyewe, msikae mkabishana kwa kusikia sikia. Na wakati unangojea jawabu, ule mshumaa mnaouwasha umeme ukikatika uondoe chini ya pazia.